Mama Nyufa na Udongo Mweusi

Jina la Mama Nyufa hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa wenzake wa maabara ya udongo, siku walipokwenda kumjulia hali dereva wao aliyekuwa anaumwa. Wengine walikaa kitako kando ya kitanda, wakamuuliza mgonjwa amelalaje, amekula nini. Yeye alikuwa amesimama pembeni, ukucha umezama kwenye ufa uliotoka kona ya dirisha ukashuka hadi sakafuni. "Huu ulianza lini?" akauliza. Mgonjwa wa watu, akidhani anaulizwa homa, akajibu kwa sauti ya kukata roho, "Tangu juzi, mama." Walicheka mpaka mgonjwa naye akashika mbavu, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita kwa jina jingine.

Yeye hakucheka sana. Alikuwa amechoka, na nisiposema hilo mapema nitakuwa nimewadanganya. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi moja muda mrefu hadi mikono inaifanya yenyewe, na yeye mwenyewe yuko pembeni anaitazama. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto wana maisha yao, magoti yanalia akiinama na yanalia akiinuka. Mikono yake ilikuwa imekaushwa na chokaa hadi ikikushika unadhani umeshikwa na msasa. Ukimuuliza habari, atakuambia nzuri. Kwani angesema nini?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo unakuja kwa magunia kutoka kila mahali watu wanapotaka kujenga barabara, shule au ghala. Unautandaza kwenye sinia za bati, unauingiza kwenye oveni, unalala humo. Ukitoka unautwanga, unauchekecha, na baada ya hapo ndipo unaurudishia maji na kuupima. Kausha, twanga, chekecha. Kila mgeni aliyeingia maabara ile alifundishwa maneno hayo matatu kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Mama Nyufa alifundishwa hivyo, akafundisha hivyo, na hakuna siku mtu aliuliza kwa nini. Nani anauliza kwa nini tunanawa kabla ya kula?

Kipimo alichokijua kuliko vyote kilikuwa cha kusinyaa. Unachukua kalibu ya shaba, kihori chembamba kifupi kuliko shibiri, unaipaka grisi, unaijaza udongo uliokandwa na maji kama uji mzito, unasawazisha kwa kisu, unauacha ukauke. Udongo wenye adabu unabaki umejaa kalibu. Udongo mtundu unajivuta, unaacha pengo huku na huku, na wewe unalipima hilo pengo kwa rula ya chuma. Basi. Pengo likiwa kubwa, nyumba itakayojengwa juu yake itapasuka. Mama Nyufa alikuwa amepima mapengo ya watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mama yake mzazi, Bi Mkubwa, alikuwa anakaa bondeni, kwenye mtaa uliojengwa juu ya kinamasi kilichochimbiwa mitaro zamani maji yakaondoka. Maji yaliondoka, udongo ukabaki: mweusi tii, umejaa mizizi na majani yaliyooza karne na karne. Ukiukamata ukiwa umelowa unachuruzika vidoleni. Mvua zikinyesha unavimba, milango ya mtaa mzima inakataa kufunga. Kiangazi kikija unasinyaa, na milango ileile inakataa kukaa kwenye komeo. Kuta zinafunguka. Kaka yake Mama Nyufa, ambaye ni mwashi na alikuwa anakaa na mama, kila kiangazi alishika mwiko akapita ukuta kwa ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakujenga bondeni. Kaka mtu aliziba ufa mwaka nenda mwaka rudi, na ukuta wa chumba cha nyuma akaujenga upya vilevile, na ukarudi ukalala upande.

"Hama mama," Mama Nyufa alikuwa akisema kila akienda. "Njoo ukae na mimi. Nina nafasi."

"Nikae na wewe nifanye nini?"

"Ukae tu. Upumzike."

Bi Mkubwa hakutaka hata kusikia. Macho yake yalikuwa yameondoka kidogo kidogo kwa presha ya macho hadi akabakiwa na mwanga tu, ule wa kujua huku ni dirisha na huku ni giza. Lakini ungemwona ndani ya nyumba ile usingejua. Anachota maji, anawasha jiko, anakwenda kwa jirani wa tatu kuomba chumvi na kurudi bila kugusa ukuta. Mtoto akiacha ndoo njiani, anaizunguka kabla hujamwambia, maana mguu wake unajua ndoo ya nani huachwa wapi. Siku moja binti yake alipomsukuma sana kuhusu kuhama, alimjibu kwa ukali.

"Sikiliza we mtoto. Hapa mimi ninaona. Siku mtakayonihamisha ndiyo siku nitakayokuwa kipofu."

Baada ya hapo Mama Nyufa hakumtajia tena habari ya kuhama.

Mambo yakaja kugeuka pale ofisi ya mji ilipoamua kulishughulikia bonde. Ama udongo ule utapatiwa dawa, uchimbwe kando ya misingi na kwenye vichochoro, uchanganywe, ushindiliwe, watu wabaki. Ama hautapona, watu wahamishwe mtaa uvunjwe, maana kuta zilikuwa zimeshaanza kuangukia watu. Dawa zenyewe ni zile tunazozijua: chokaa, saruji, majivu ya pumba za mpunga. Kilichotakiwa ni mtu wa kuchanganya, kupima na kusema. Magunia ya udongo mweusi yakashushwa mlangoni mwa maabara, na Mama Nyufa alipoyaona hakuhitaji kusoma lebo. Harufu ile alikulia nayo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, ambaye kila mtu alimwita Mzee, naye kwa kweli alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu.

"Mzee, huu udongo umetoka chini ya kitanda cha mama yangu. Mpe mtu mwingine."

Mzee akavua miwani, akasugua macho. "Mwingine nani? Nitajie."

Mama Nyufa akatazama nyuma yake. Kulikuwa na fundi umeme aliyekuwa anafungua soketi, na mfagizi. Akarudi kwenye meza yake.

Akakausha, akatwanga, akachekecha. Akachanganya na chokaa peke yake, chokaa na majivu, saruji kidogo, akajaza kalibu, akasubiri. Na jamani, udongo ukakubali! Ule mchanganyiko wa chokaa na majivu ulitoka umejaa kalibu, mwisho hadi mwisho, ukucha haupiti. Alirudia. Ukakubali tena. Mwanamke yule ambaye hajafurahia kipimo tangu ujana wake alijikuta amekishika kile kipande cha udongo mkavu mkononi, anakigeuzageuza, anatabasamu peke yake kama aliyepata barua ya mchumba.

Angengoja. Najua, na yeye anajua, angengoja Injinia wa ofisi ya mji aje achukue matokeo, mambo yatangazwe kwa utaratibu wake. Lakini mtu akichoka sana akapata habari njema, hawezi kukaa nayo mdomoni. Siku hiyohiyo alishuka bondeni.

"Mama, udongo umekubali dawa. Hamhami."

Bi Mkubwa alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama ndani ya ungo. "Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Nimepima mwenyewe."

Bi Mkubwa hakupiga kigelegele wala nini. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akaendelea na maharage yake huku machozi yanamtiririka, na kila baada ya muda anasema, "Haya, haya." Jioni mtaa mzima ulikuwa umejua. Jirani wa tatu, yule wa chumvi, alianza kukusanya mabati ya kuezeka upya. Kaka mtu alitumwa kutafuta mlango wa mbao ngumu. Akatania, "Dada, ungepima mapema ningekuwa nimestaafu mwiko." Mama Nyufa alilala usingizi mzuri usiku ule, na mimi namwombea alale hivyo tena, maana hakulala hivyo kwa muda mrefu baadaye.

Oveni iliungua. Kifaa fulani ndani yake kilikufa, fundi umeme akasema kitabidi kiagizwe. Wakati huohuo Injinia akatuma magunia mengine mapya kutoka bondeni, yamechimbwa chini zaidi, akaomba kipimo kirudiwe mara moja tu ya kuthibitisha kabla hajaja kuchukua karatasi. Udongo ulikuwa bado umelowa, unachuruzika. Mama Nyufa aliutazama, akaitazama oveni iliyokufa, akajisemea, kwani kuna nini? Si tunaukausha ili tuuloweshe tena? Ukija umelowa tayari, umenipunguzia kazi. Akauchanganya vilevile ulivyo, na chokaa ileile na majivu yaleyale, akajaza kalibu akazipanga kwenye kidirisha zikauke kwa upepo.

Alipokwenda kuzitazama alidhani kuna mtu amemchezea. Vile vipande vilikuwa vimejikunja vikanyanyuka kutoka kwenye kalibu, vyembamba, vimeinuka ncha zote mbili, vingine vimekatika mapande matatu. Pengo lilikuwa kubwa hata rula ilikuwa ya nini.

Akasema nimekosea mizani. Akarudia. Yaleyale. Akasema chokaa imelala, imeshika unyevu stoo. Akafungua mfuko mpya uliofungwa kwa kamba ya kiwandani. Yaleyale. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, akavitazama vile vipande vilivyojikunja. Alikuwa ameelewa.

Kitambaa kipya cha pamba ukikifua mara ya kwanza kinasinyaa. Ukikifua mara ya pili hakisinyai tena, kimeshamaliza. Udongo mwingine wote unaoletwa maabara, uukaushe usiukaushe, ukiurudishia maji unarudi kuwa ulivyokuwa. Ndiyo maana kausha, twanga, chekecha haijawahi kumdhuru mtu. Lakini ule mweusi, uliojaa mizizi iliyooza, ukishapita kwenye oveni mara moja haurudi tena. Haunywi maji kama zamani, hauvimbi kama zamani, hausinyai kama zamani. Oveni ndiyo iliyokuwa imefua kitambaa. Wao walikuwa wanapima udongo uliokwisha sinyaa, halafu sifa wanaipa chokaa.

Na bondeni hakuna oveni. Bondeni watauchimba umelowa, watauchanganya umelowa, na kiangazi kitakuja.

Mama Nyufa alivikusanya vile vipande akavitia ndani ya ndoo, ndoo akaisukuma chini ya sinki nyuma ya makopo ya grisi, akaosha mikono, akachukua pochi yake akaondoka. Mzee alimuuliza mlangoni, "Vipi, kipimo kimekaa sawa?" Akamjibu, "Bado hakijakauka." Uongo mdogo, lakini uongo. Msimhukumu haraka. Alikuwa amemwahidi mama yake, mama ambaye hakuwahi kumwomba kitu chochote isipokuwa aachwe alipo. Na matokeo mazuri yalikuwapo, ya kweli, yamepimwa kwa utaratibu uleule uliotumika siku zote. Angenyamaza tu. Si kudanganya, kunyamaza. Nani angejua? Siku ukuta utakapopasuka watasema fundi hakushindilia vizuri. Mafundi husingiziwa kila siku, wamezoea.

Akiwa na mawazo hayo alishuka bondeni kumwona mama, na nadhani alikwenda ili moyo wake upate nguvu ya kunyamaza. Kaka mtu alikuwa uani anaupiga randa mlango mpya. Mama Nyufa akaingia chumba cha mbele anakolala Bi Mkubwa. Kitanda hakikuwapo.

"Kaka, kitanda cha mama kiko wapi?"

"Nyuma. Alisema nikirudishe chumbani kwake cha siku zote."

"Cha nyuma kipi? Kile chenye ukuta uliolala?"

"Si umesema udongo umepona?" Kaka mtu akapuliza mavumbi ya mbao. "Mama anasema kama umesema wewe, ukuta hauanguki. Nilimwambia tungoje kwanza dawa iwekwe. Unamjua mama. Akishaamini kitu, kakiamini."

Mama Nyufa akaenda chumba cha nyuma. Bi Mkubwa alikuwa amelala kidogo, upande, mkono chini ya shavu. Kichwa chake kilikuwa chini ya sehemu ya ukuta iliyotoka tumbo kuelekea ndani, na juu yake, karibu na paa, kulikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza kiganja. Mama Nyufa alisimama pale mlangoni. Amekaa maishani mwake akichungulia nyufa za watu, na huu wa mama yake yeye ndiye aliyempeleka mama akalale chini yake. Kwa maneno yake mwenyewe.

"Mama. Mama, amka."

"Kuna nini?"

"Twende ukalale mbele."

"Huku kuna upepo mzuri."

"Mama, nakuomba. Leo tu. Nifanyie hivyo leo tu."

Bi Mkubwa alinung'unika, lakini aliinuka. Mama Nyufa na kaka yake wakakiburuta kitanda hadi mbele, kaka mtu akiuliza kuna nini, yeye akimwambia shika huko, inua, pita.

Asubuhi aliingia ofisini kwa Mzee na ile ndoo, akaimwaga mezani juu ya kila kilichokuwapo. Vipande vilivyojikunja vikatawanyika kama maganda.

"Ni nini hii?"

"Udongo wa bondeni. Chokaa ileile, majivu yaleyale. Tofauti ni kwamba sikuukausha kwanza."

Mzee akachukua kipande kimoja. Akakiweka karibu na macho, akakirudisha polepole. Mama Nyufa alianza kueleza habari ya kitambaa na kufua, naye akamwinulia mkono: nimeelewa, mama, nimeelewa.

"Namba zilikuwa tamu mno," akasema mwishowe. "Udongo ule si wa kutoa namba kama zile. Nilijua."

"Sasa kama ulijua, mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Mzee akacheka, kicheko cha mtu asiye na furaha. "Miaka yote nimeandika kuwa hapa hapafai, pale hapafai, vunja, hama, ondoka. Safari hii nikasema, walau niondoke kazini nimeandika moja ya kubakiza watu kwao. Sikutaka kuuliza. Nilijua nikiuliza nitapata jibu."

Wakatazamana. Watu wawili wazima, wamechoka, meza imejaa udongo. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumlaumu mwenzake.

"Na mama yako?" Mzee akauliza.

"Usiniulize habari ya mama yangu. Tukiongea habari ya mama yangu sitafanya kazi."

Walirudia kila kitu na udongo uliolowa. Mzee mwenyewe alivaa koti la kazi ambalo halijamtosha siku nyingi, akakanda. Chokaa ilishindwa: uozo ulio ndani ya udongo ule unaila chokaa kabla haijafanya kazi yake. Majivu yakashindwa. Chokaa na majivu kwa pamoja, wakazidisha, wakazidisha tena, vipande vikajikunja tu. Saruji kidogo, haikushika. Mwisho kabisa ni saruji nyingi na mchanga mwingi, mpaka udongo wenyewe ukawa kama mgeni ndani ya mchanganyiko. Hicho ndicho kilichobaki kimejaa kalibu. Mama Nyufa alipokiona aliruka, magoti na yote. Akampigia Injinia simu yeye mwenyewe.

Injinia alikuja, binti mpole mwenye matope kwenye viatu, akasikiliza yote bila kukatiza. Alipomaliza kusikiliza akauliza kitu kimoja tu: uchimbwe hadi kina gani? Mama Nyufa akamwambia. Injinia akainamisha kichwa.

"Kwa barabara tunaweza, mama. Tunachimba, tunachanganya, tunashindilia. Lakini kuchanganya kiasi hicho, kina hicho, chini ya nyumba..." Hakumalizia. "Ili tuutibu udongo ulio chini ya nyumba, lazima nyumba itoke kwanza."

Mama Nyufa alilijua hilo kabla hajainua simu. Alikuwa tu anataka mtu mwingine alitamke, ili lisitoke mdomoni mwake. Akaomba jambo moja: watu wa ofisi ya mji wasishuke bondeni kutangaza kabla yeye hajafika kwa mama yake. Injinia akasema, "Nenda, mama. Tutasubiri."

Alishuka mchana. Jirani wa tatu alimsalimia kwa furaha kutoka juu ya ngazi, mabati yake mapya yanang'aa uani, na Mama Nyufa akaitikia akiwa ameinamisha uso. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini, miguu imenyooka juani. Kaka mtu hakuwapo, alikuwa kibaruani.

"Leo unatembea kama umebeba gunia," Bi Mkubwa akasema kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Sema."

Akakaa. Akatafuta mahali pa kuanzia, hakupaona, akaanza popote. "Mama, udongo haukukubali."

"Ulisema umekubali."

"Nilikosea. Tuliukausha kwanza. Ukishaukausha unakuwa udongo mwingine, unatulia, unadhani umepona. Lakini wa hapa chini haujakaushwa na mtu. Wa hapa ukiwekewa dawa utasinyaa vilevile, na nyumba itashuka nao. Ule ukuta wa nyuma hautamaliza kiangazi. Mama, mtahamishwa."

Kwenye kichochoro mtu alipita na baiskeli, akasalimia, akaitikiwa na mama kwa sauti ya kawaida kabisa. Baiskeli ilipokwisha kupita akauliza, "Nani kapima hiyo mara ya pili?"

"Mimi."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna mwingine. Mimi."

Bi Mkubwa akatikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu ya kitu kilichokataa kutoshea. "Unajua nilikuwa nimejiandaa," akasema. "Nilijua iko siku watakuja wale wa ofisini na sauti zao nzuri. Nilikuwa na maneno yangu. Ningewaambia waongo nyie, mnaitaka ardhi, ukuta wangu una miaka umesimama. Ningelala hapahapa mlangoni waone watapita wapi. Nguvu ninayo bado, usinione hivi. Sasa wamekutuma wewe."

"Hawakunituma, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Ndiyo mbaya zaidi."

"Basi nilaumu mimi. Nilaumu, nikasirikie, nitukane hata. Ni mimi niliyekupa matumaini ya uongo, ni mimi ninayeyachukua."

"Siwezi," Bi Mkubwa akasema. "Ndiyo taabu yenyewe hiyo. Angekuwa mtu baki ningempinga mpaka nife. Wewe nitakupinga kwa nini? Umepima mara mbili. Ungetaka kunidanganya ungeishia mara ya kwanza."

Hapo Mama Nyufa alilia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama mtoto aliyeanguka, kichwa chini na mikono ile mikavu imefunika uso. Uchovu wote wa miaka ulipata mlango. Alilia ukuta wa mama, alilia mabati ya jirani, alilia na magunia yote aliyowahi kuyafungua. Bi Mkubwa hakumnyamazisha wala hakumpapasa. Alimwacha alie mpaka amalize, naye mwenyewe akiwa amekaa wima, uso umeelekea juani, midomo imekazwa.

Alipomaliza, mama alisafisha koo.

"Mlango wa kwako unafungukia ndani au nje?"

Mama Nyufa akapangusa uso kwa khanga. "Mlango upi?"

"Wa kuingilia. Nikisimama nje, nausukuma au nauvuta?"

Akafungua mdomo kujibu. Mlango anaoupita asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, amechoka, funguo mkononi, akili iko kwingine. Akajaribu kuuona mlango huo, asiuone.

"Sijui, mama."

"Na choo kiko mkono gani? Jiko je? Kuna kizingiti cha kujikwaa baina ya vyumba?"

"Nadhani kipo. Sikumbuki kiko wapi."

"Basi nenda kaangalie," Bi Mkubwa akasema. "Angalia vizuri, upite kila mahali kwa mguu, kisha urudi unieleze polepole. Usiruke kitu. Nianze kujifunza nikiwa bado hapa."